Kongwa, kanzu na picha: Nani anatusimulia njia ya misafara, na kwa nini tumsadiki?

Wanafunzi wengi wa Tanzania hukutana na picha ya aina moja kabla ya kumaliza elimu ya msingi. Watu wamepangwa mstari, shingoni wana makongwa, wanawake wamebeba watoto na mizigo, na pembeni yao amesimama mtu mwenye kanzu na kilemba, mkononi ana silaha. Chini ya picha huwa na maneno machache kuhusu Waarabu na biashara ya watumwa. Mtoto wa Kiislamu anayesoma kitabu hicho asubuhi, na alasiri akavaa kanzu kwenda madrasa, ana haki ya kumuuliza mzazi wake: Je, yule mtu wa kwenye picha ni sisi?

Wazazi wengi hulijibu swali hilo kwa mojawapo ya njia mbili. Wapo wanaokanusha kila kitu, wakasema hayo yote yalitungwa na wamisionari ili kuupaka matope Uislamu. Wapo pia wanaonyamaza na kumwachia mtoto aibu asiyoijua chanzo chake. Njia zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kutomfundisha mtoto namna ya kuipima habari. Mtoto aliyefundishwa kukanusha atakuja kukutana na ushahidi usiokanushika, na siku hiyo atamshuku mzazi wake. Aliyeachiwa aibu naye atakuja kuamini lolote linalosemwa juu ya dini yake.

Kwetu Tabora jambo hili si la vitabuni tu. Mji huu ulikua kwa misafara. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, walipokewa na wafanyabiashara wa Kiarabu waliokwisha kujenga matembe yao na kuishi na watu wa Unyanyembe. Kutoka hapa njia ilishuka mashariki hadi Bagamoyo, ikaenda magharibi hadi Ujiji, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema. Katika safu moja ya sala huenda amesimama mjukuu wa mfanyabiashara, pembeni yake mjukuu wa mpagazi wa Kinyamwezi, na pembeni ya huyo mjukuu wa mtu aliyeletwa kutoka Manyema bila ridhaa yake. Wanatia bega kwa bega. Namna tunavyoisimulia njia ile inawagusa wote watatu, na inawagusa kwa uzito tofauti.

Milango mitatu ya moyo

Wanazuoni wetu waliliandikia jambo la ushawishi tangu zamani. Al-Farabi na Ibn Rushd walikisherehesha kitabu cha Aristotle juu ya khitaba, yaani sanaa ya kusema na watu hadi wakaridhika. Mafunzo yake yanaweza kufupishwa hivi: maneno humwingia mtu kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni dalili, yaani matukio, hesabu na hoja. Wa pili ni hisia, yaani huruma, hofu, hasira au fahari inayoamshwa kwa msikilizaji. Wa tatu ni itibari ya msemaji, yaani imani tuliyo nayo juu ya ukweli wake, elimu yake na nia yake.

Milango hiyo si mibaya. Khatibu anayepanda mimbari siku ya Ijumaa huitumia yote mitatu, na mgonjwa anayeomba msaada msikitini huitumia pia. Hatari huja pale mlango mmoja unapofanya kazi ya mwingine. Machozi yanaweza kuchukua nafasi ya ushahidi, na jina kubwa likachukua nafasi ya hoja. Hata hesabu inaweza kutajwa kwa ajili ya kumnyamazisha muulizaji.

Elimu ya hadithi ilijengwa ili kuzuia hatari hiyo. Maulamaa walitenganisha sanadi, ambayo ni mlolongo wa wapokezi, na matini, ambayo ni maneno yenyewe. Wakauliza: Mpokezi huyu ni mwadilifu? Ana hifadhi nzuri? Alikutana na yule anayepokea kwake? Je, matini hii inapingana na yale yaliyothibiti? Maswali hayo tumezoea kuyasikia darasani kuhusu riwaya za karne za mwanzo. Hapana kinachotuzuia kuyauliza kuhusu barua, picha na vitabu vya njia ya misafara.

Daftari lililopita Kwihara

Tuanze na kisa kilichoitikisa Uingereza. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika nchi ya Manyema. Siku hiyo kulikuwa na gulio lililojaa watu, wengi wao wanawake. Watu wenye bunduki, wa kundi la wafanyabiashara waliokuwa hapo, wakaanza kufyatua risasi ndani ya soko. Wengi walikufa kwa risasi na wengi walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliandika kwamba wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Alirudi Ujiji akiwa amevunjika moyo. Huko ndiko Henry Morton Stanley alikomkuta, kisha wakasafiri pamoja hadi Unyanyembe na kufika Februari 1872. Stanley aliondoka Kwihara tarehe 14 Machi 1872 akiwa na barua za Livingstone na daftari kubwa lililofungwa kwa muhuri, ambalo watafiti leo huliita Jarida la Unyanyembe. Habari za Nyangwe zilipochapishwa Uingereza mwaka huohuo ziliwaka kama moto wa nyika. Zilizidi kuipa nguvu kampeni iliyokuwa imekwisha kuanza bungeni. Serikali ya Uingereza ikamtuma Sir Bartle Frere Zanzibar, na baada ya shinikizo na vitisho vya kuzuiliwa bandari, Seyyid Barghash akatia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa.

Milango mitatu yote imo katika barua zile. Dalili ni siku, mahali na idadi ya waliokufa. Hisia ni wanawake waliokwenda sokoni kuuza bidhaa zao wakaishia mtoni. Itibari ni Livingstone mwenyewe, mzee mgonjwa aliyepotea machoni mwa ulimwengu kwa miaka, shahidi wa macho asiyekuwa na biashara ya kulinda. Kwa msomaji wa London, mzungumzaji wa namna hiyo hakuhitaji kuulizwa swali la pili.

Lakini swali la pili lilikuja, miaka 140 baadaye. Nyangwe Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, The Standard la mwaka 1869, kwa wino aliotengeneza kwa mimea. Wino ule ulififia hadi maandishi yakawa hayasomeki. Mwaka 2011, kundi la watafiti lililoongozwa na Adrian Wisnicki liliyasoma tena kurasa hizo kwa kuzipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa jicho. Wakalinganisha daftari la mwanzo na nakala safi aliyoiandika baadaye katika Jarida la Unyanyembe.

Wakaona tofauti. Livingstone alipokuwa akinakili, alibadili na kupanga upya baadhi ya maelezo. Miongoni mwa yaliyobadilika ni yale yanayowahusu watu wa msafara wake mwenyewe, watumwa wa Mabaniani waliotumwa kwake kutoka Zanzibar. Daftari la mwanzo linaibua swali kama baadhi yao nao walishiriki katika vurugu za siku zile, na katika nakala safi swali hilo halisikiki sana. Tuseme wazi kwamba hilo ni swali tu, watafiti hawakutoa hukumu. Hata hivyo, linatuonyesha kwamba kati ya kalamu ya siku ya tukio na barua iliyosomwa Uingereza, palikuwa na mkono uliosafisha.

Baada ya Livingstone kufariki mwaka 1873, mkono mwingine uliongezeka. Horace Waller, kasisi na mpinzani mkubwa wa biashara ya watumwa, aliyahariri madaftari yake na kuyachapisha London mwaka 1874. Wanahistoria waliolinganisha maandishi wameonyesha kuwa alipunguza na kulainisha mengi, ili Livingstone atoke akiwa amekamilika zaidi kuliko alivyokuwa. Kwa lugha ya darasa letu, sanadi ina wapokezi wawili kabla haijatufikia, na mmoja wao alikuwa na lengo lake.

Sasa, ndugu msomaji, hapa ndipo Muislamu anapopimwa. Kuna atakayeshangilia na kusema: Mmeona? Uongo mtupu! Huko ni kuruka kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Tofauti zilizopatikana zinahusu nani zaidi alihusika na mwandishi aliwalinda akina nani. Daftari la mwanzo na nakala safi yote yanasema kwamba watu waliuawa sokoni Nyangwe. Mpokezi akionekana amesahihisha sehemu ya riwaya, kila sehemu hupimwa kwa kiasi chake, na ile iliyothibiti hubaki. Tena Livingstone huyohuyo aliandika kwa shukrani namna mfanyabiashara Muhammad bin Gharib alivyomuuguza na kumbeba alipokuwa hawezi. Shahidi anayetaja wema wa wale anaowashutumu huongezeka itibari. Hatuwezi kuchukua sifa njema na kuitupa shutuma kwa sababu moja inatupendeza na nyingine inatuchoma.

Mchoraji ambaye hakuwapo

Kitabu kile cha 1874 kilikuwa na picha. Zilikuwa picha za kuchongwa kwa ajili ya kupigwa chapa, kazi iliyofanywa Ulaya na watu ambao hawakuziona safari zile. Mojawapo inaonyesha msafara wa mateka, na mtu wa msafara akimuua mmoja wao. Picha hiyo imechapishwa tena na tena hadi leo.

Ukiyasoma maelezo ya Livingstone ya mwaka 1866, alipokuwa upande wa mto Ruvuma, utaona jambo la kuzingatia. Anaeleza kwamba alikuta maiti njiani: mwanamke aliyefungwa mtini, mwingine aliyepigwa risasi au kuchomwa kisu. Wenyeji wakamweleza sababu, kwamba aliyeshindwa kutembea huuawa na mwenye mali kwa hasira ya kupoteza fedha yake. Hapo Livingstone ni shahidi wa macho wa maiti, na ni msikilizaji wa sababu. Picha imeziunganisha hatua hizo mbili na kutuonyesha kitendo chenyewe, sura ya muuaji, mkao wake na mavazi yake, mambo ambayo mwandishi hakuyaona.

Je, picha hiyo ni ya uongo? Maiti zilikuwapo. Maelezo ya wenyeji yanaingia akilini, na hakuna sababu ya kudhani waliyatunga. Lakini picha imeongeza uhakika ambao maneno hayana. Hii ndiyo tabia ya picha kwa jumla. Sentensi inaweza kusema "nilielezwa" au "huenda". Picha haina neno "huenda". Kila kilichochorwa kimekuwa, na jicho huamini kabla akili haijauliza.

Jambo la pili ni la mavazi. Mchoraji anayetaka mtazamaji wa Ulaya amtambue mkosaji mara moja humvisha kanzu na kilemba. Kumbe waliokuwa wakiteka, kununua na kuuza katika njia hii walikuwa wengi na wa namna nyingi: Waarabu wa Omani, Waswahili wa pwani, watemi na wenye nguvu wa bara, Wanyamwezi wenye mitaji yao. Pwani walikuwapo wenye fedha wa Kihindi waliokopesha misafara. Nyuma yao wote palikuwa na wanunuzi wa pembe waliotaka vishikio vya visu, vinanda na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Mnunuzi wa kinanda hakuchorwa katika picha. Kutomchora mtu ni namna moja ya kushawishi, na ni namna isiyoonekana kwa urahisi.

Mpagazi au mtumwa?

Twende kwenye picha za kamera, ambazo watu huziamini zaidi. Ziko picha nyingi za mwisho wa karne ya 19 zinazoonyesha wanaume wamebeba pembe za ndovu mabegani, wamepangwa mstari. Ni kawaida kuzikuta zimeandikwa kuwa ni watumwa. Huenda baadhi yao walikuwa watumwa. Lakini anayeijua Tabora anajua kwamba kazi ya upagazi ilikuwa ajira na fahari ya Wanyamwezi. Burton, ambaye vitabu vyake vimejaa dharau kwa Waafrika, alikiri kwamba kwao upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na watoto walizoezwa kwa kubebeshwa kipembe kidogo. Mtu mwenye dharau akisifu, sifa hiyo ina uzito, kwa kuwa inakwenda kinyume na matamanio yake.

Wapagazi hao, makumi ya maelfu kila mwaka njia ilipochangamka, walibeba kilo 30 hivi kila mmoja kati ya bara na pwani. Walipatana ujira wa nguo na shanga, waligoma wakidhulumiwa, na walitua mizigo msafara ukiendeshwa vibaya. Stanley na Livingstone wasingefika popote bila wao. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Unyanyembe hadi Agosti akiwangoja watu ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka Zanzibar. Na alipokufa, akina Chuma, Susi na wenzao ndio walioubeba mwili wake kupita Unyanyembe hadi pwani.

Basi neno moja chini ya picha linaweza kumnyang'anya mtu kazi yake na heshima yake. Linaweza pia kubadilisha mtuhumiwa. Zipo picha za wanaume waliofungwa minyororo shingoni ambao ni wafungwa wa serikali ya Kijerumani. Mtu akizikata pembeni, akaondoa askari na tarehe, kisha akaandika "biashara ya watumwa", mtoto wetu atamchukia asiyehusika na kumsahau aliyehusika.

Hata jina la njia ni ushahidi wa kusomwa kwa makini. Tangu mwaka 2006 njia hii imo katika orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ikiwa na vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina hilo ni la kweli. Lakini halimtaji mpagazi huru, wala mkulima wa Unyanyembe aliyelisha misafara, wala Qur'ani iliyosomwa katika matembe. Kila jina huchagua, nasi tunaposema kwa upole "njia ya misafara" tunachagua pia.

Tukisomwe na kitabu cha upande wetu

Uadilifu unatutaka tumpime na wa kwetu kwa mizani ileile. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip, aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Ni hazina kwetu, kwa sababu tunamsikia mfanyabiashara akisema kwa lugha yetu. Tabora imo ndani yake kama nyumbani, kwani baba yake alikaa hapa na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira.

Anashawishi vipi? Kwa dalili: majina ya watu na miji, siku za safari, frasila za pembe. Kwa itibari: yeye ndiye aliyekwenda, aliyepigana, aliyekopeshwa mali na akaaminiwa. Kwa hisia: ushujaa, hila za vitani, kejeli kwa maadui. Msomaji hujikuta amesimama upande wake bila kujua. Lakini mtafute ndani ya kitabu mateka mmoja anayesema kwa kinywa chake kuhusu siku aliyotenganishwa na mama yake. Mateka hutajwa kwa jumla, kama sehemu ya mali iliyopatikana. Hesabu ya pembe ina usahihi ambao huzuni ya watu haikupewa.

Ukimya huo hauna nguvu ya kufuta ushahidi wa wengine. Msimulizi anayenufaika na jambo hawezi kuwa shahidi wa kulisafisha jambo hilo, awe kasisi wa London au shekhe wa biashara wa Unguja.

Na aliyetekwa je? Sauti yake ni chache, lakini ipo. Mwaka 1936 Margery Perham alichapisha mkusanyo wa maisha ya Waafrika kumi. Mmoja wao ni Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa akiwa mtoto na kufikishwa Zanzibar. Mtazame jina lake. Ni Muislamu. Yeye naye ni "sisi". Mtoto anayeuliza kama yule mwenye kanzu kwenye picha ni sisi, aelezwe kwamba na yule mwenye kongwa alikuja kuwa sisi. Wapo Wamanyema waliofika Ujiji na Tabora kwa unyonge, wakashika dini, wakaadhini na wakalea vizazi vya Waislamu. Tukikanusha yaliyotokea kwa ajili ya kulinda jina la Uislamu, tunawakanusha Waislamu hao.

Qur'ani imelifunga jambo hili. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Katika Surat al-Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki juu ya watu. Aya ya kwanza inatuzuia kuwapendelea wetu, na ya pili inatuzuia kuwadhulumu wengine. Anayesoma historia ya njia hii anazihitaji zote mbili.

Uongo wenye nia njema

Atasema mtu: Kuna ubaya gani kuitia chumvi picha ikiwa lengo ni kukomesha dhulma? Swali hilo ni la zamani kuliko Livingstone. Vitabu vya elimu ya hadithi vinamtaja Nuh bin Abi Maryam, ambaye imepokewa kwamba alizua riwaya za fadhila za sura za Qur'ani, kwa kisingizio kwamba watu walikuwa wameipa mgongo Qur'ani na alitaka kuwarudisha. Nia ilidaiwa kuwa njema. Maulamaa hawakuikubali. Walijua kwamba uongo mmoja ukigunduliwa huangusha kweli kumi zilizokaa nao. Ibnul Jawzi aliandika kitabu kizima kuhusu wasimuliaji wa visa na mawaidha, na kuwaonya wale waliotafuta machozi ya watu kwa riwaya zisizo na asili.

Leo msimuliaji yumo mfukoni mwa kila mmoja wetu. Katika makundi ya simu ya jamati hupita picha ya mtoto mgonjwa isiyo na jina la hospitali, picha ya msikiti uliobomolewa isiyo na mji wala mwaka, na sauti ya "shekhe mmoja mkubwa" asiyetajwa. Siku hizi picha na sauti hutengenezwa na kompyuta hata mzoefu asitambue. Kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti inanionyesha kila mwezi kwamba ombi la msaada lenye jina, tarehe na barua ya mwenyekiti wa mtaa huchangiwa na kufika kwa mhusika. Ombi lenye picha peke yake huchangiwa kwa haraka, kisha huacha maswali, na maswali hayo humfunga mlango mgonjwa wa kweli anayekuja baadaye.

Amri ya Surat al-Hujurat, aya ya 6, iko wazi: ikija habari kwa mtu asiyeaminika, ihakikini, msije mkawadhuru watu kwa kutojua kisha mkajuta. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kumtosha mtu kuwa mwongo ni kusimulia kila alisikialo. Kusambaza ni kusimulia.

Maswali ya mezani

Wazazi wanaweza kuanza nyumbani, baada ya Isha, kwa kitabu cha historia cha mtoto au kwa picha iliyoingia kwenye simu. Maswali haya manne yanatosha kwa mwanzo.

Nani amesema, na alikuwa wapi? Aliona kwa macho, alisikia, au amechora alichosomewa? Kati yake na sisi imepita mikono mingapi?

Ni jambo gani hasa limethibiti? Mwambie mtoto aeleze kwa sentensi moja, bila maneno ya sifa wala ya matusi. Kisha mwulize ni kipi kati ya hivyo kimeongezwa na picha.

Ninajisikiaje, na nani alitaka nijisikie hivyo? Huruma na hasira ni neema za Mwenyezi Mungu, na hazihitaji kukanushwa. Lakini mtu ajue zimetoka wapi kabla hazijamtuma.

Nani hayumo? Mpagazi yuko wapi? Mnunuzi wa pembe yuko wapi? Mwanamke wa Nyangwe, ambaye kila mtu amemwandikia lakini hakuna aliyeandika jina lake, yuko wapi?

Mzazi anayeweza, na ampeleke mtoto Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, akalione tembe la kumbukumbu ya Livingstone. Wasome pamoja maandishi ya ukutani kwa maswali hayohayo. Walimu wa madrasa nao wanaweza kutenga kipindi kimoja kwa mwezi, wachukue picha moja na kuipima kama wanavyoipima riwaya. Mtoto ataielewa elimu ya sanadi zaidi akiiona inafanya kazi mtaani kwake.

Ama lile swali la mwanzo, jibu lake linaweza kuwa hivi: Mwanangu, dhulma ile ilitokea, na walioifanya walikuwamo wenye dini yetu na wasiokuwa na dini yetu. Waliofanyiwa pia walikuwamo walioikubali dini hii na kutuachia. Mchoraji amekuonyesha sehemu, na amekuficha sehemu. Kazi yako ni kuitafuta kweli yote na kuisema hata ikiwa chungu, kwa kuwa Siku ya Kiyama hutaulizwa kuhusu kanzu ya mtu mwingine, utaulizwa kuhusu ushahidi wako.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuione haki kuwa haki na aturuzuku kuifuata, na atuepushe na kumdhulumu aliye hai au aliyekufa kwa habari tusiyoihakiki. Amin.